Umeme ukikatika maji yaende wapi? Kisa cha tanki la maji chumvi Mbezi Beach

Nyumba ipo Mbezi Beach, Dar es Salaam. Sebuleni kuna tanki la samaki wa baharini lenye urefu wa sm 150, upana sm 60 na kimo sm 60, vipimo vya ndani. Limekaa juu ya stendi ya chuma ya sm 80 iliyofunikwa kwa kabati la mninga, na ndani ya kabati kuna tanki la pili la sm 90 kwa 40 kwa 40. Maji ya juu humwagikia kwenye kisanduku cha glasi kilicho kwenye kona, hushuka kwa bomba hadi tanki la chini, hupita kwenye chujio na kwenye mashine ya kutoa uchafu kwa povu, kisha pampu huyapandisha tena. Ni mpango wa kawaida kabisa kwa maji chumvi. Vifaa vyote vinafichwa chini, juu wanaonekana samaki tu.

Mwenye nyumba ni mwalimu mstaafu. Fundi wake wa bomba anamwita Mama, na mimi pia. Alinitafuta baada ya mafuriko ya tatu. Kila mara mambo yalikwenda vilevile: umeme umekatika usiku, asubuhi sakafu ya sebule ina maji, zulia limelowa, na tanki la juu limepungua. Mara ya tatu maji yaliifikia ekstensheni iliyolazwa sakafuni ndani ya kabati, na umeme uliporudi sakiti breka ikaruka. Kulikuwa na jambo jingine ambalo yeye hakulihusisha na hilo: kamba wake wote walikuwa wamekufa, na konokono nao, ilhali samaki wake, vitatange wawili na kangaja mmoja, walikuwa wazima na wanakula vizuri.

Nianze na fundi, maana lawama zote alikuwa ameshatupiwa yeye. Kijana huyu ndiye aliyefunga mabomba ya nyumba nzima, na kazi yake ni safi. Mabomba yamenyooka, elbo zimechomwa vizuri, hakuna maungio hata mamoja yanayovuja. Mama alipomwomba aunganishe tanki la samaki, alifanya kile ambacho angefanya kwa simtanki la juu ya mnara. Alitumia PPR ya kijani, lile bomba la plastiki linaloungwa kwa kuchomwa. Alinunua pampu ya nusu hospawa, ile ya kupandishia maji. Juu ya pampu akafunga nonritani ya brasi ili maji yasirudi. Kwenye tanki la chini akaweka floti na kuiunganisha na bomba la nyumba, ili maji yakipungua yajijaze yenyewe. Kwa nyumba, yote manne ni sahihi. Kwa tanki hili, yote manne yalikuwa na kasoro, na sababu ni moja. Mabomba ya nyumba hupangwa kwa kufikiria saa ambayo maji yanatembea. Mabomba ya tanki la maji chumvi hupangwa kwa kufikiria saa ambayo yamesimama.

Hesabu ya maji yaliyomwagika

Tanki la juu lina eneo la sentimita za mraba 9,000. Maana yake kila sentimita moja ya maji ni lita 9. Tanki la chini lina sentimita za mraba 3,600, yaani lita 3.6 kwa kila sentimita. Namba hizi mbili zinatosha kueleza kisa chote cha mafuriko, na zinapatikana kwa futi kamba tu.

Pampu ikifanya kazi, maji ya juu yalisimama sm 57 kutoka chini. Mdomo wa bomba la kupandisha ulikuwa umeelekezwa chini, umezama sm 6 ndani ya maji. Fundi aliuzamisha makusudi ili usipige kelele wala kurusha chumvi ukutani, na kwa hilo alikuwa na hoja. Lakini umeme ukikatika, bomba lililojaa maji na lenye mdomo uliozama linageuka kuwa mpira wa kunyonyea dizeli kwenye pipa: ukishavuta mara moja, inashuka yenyewe hadi hewa iingie. Hapa hewa ingeingia pale tu maji ya juu yatakaposhuka hadi kwenye mdomo, sentimita 6 chini. Sita mara tisa ni lita 54.

Ongeza kile kisanduku cha kona. Bomba la kushusha lilitoboa sakafu yake moja kwa moja, bila kipande cha bomba kilichosimama ndani, na lilikuwa limebanwa kwa valvu ili kupunguza kelele. Kwa hiyo kisanduku kilikaa kimejaa karibu sm 40 muda wote. Pampu ikisimama chote kinakwenda chini. Kina sm 25 kwa 12, basi hizo ni lita 12. Maji ya ndani ya mabomba ni lita moja hivi. Jumla ni lita 67 zinazotafuta pa kukaa.

Tanki la chini lilikuwa limejazwa kwa wastani wa sm 28 kati ya 40. Nafasi iliyobaki ni sm 12, yaani lita 43. Lita 24 zilizozidi ndizo zilizokuwa kwenye zulia. Ndoo nzima ya lita 20 na jagi juu yake.

Mama alikuwa amenunua tanki la chini kubwa kuliko alilopendekezewa, akijua kwamba ukubwa ni usalama. Ukubwa si kitu kama umelijaza. Lita zinazookoa sakafu ni zile ambazo hazimo, na watu wengi hawavumilii kuona tanki likiwa nusu tupu. Wanaongeza maji.

Kwa nini nonritani ilifanya kazi, halafu ikaacha

Hapa fundi alinibishia, na alikuwa na haki ya kubisha. "Kaka, nonritani ipo. Miezi ya mwanzo umeme ulikatika mara ngapi, na maji hayakumwagika hata tone?" Ni kweli. Ilishika. Na ndiyo maana hakuna aliyefikiria hesabu niliyoitoa hapo juu: kifaa kilikuwa kinaficha kosa la mpangilio.

Nonritani ya maji ya nyumba hufunga kwa kipande kidogo kinachosukumwa na springi hadi kikae barabara kwenye kiti chake. Maji ya DAWASA yaliyokaa kwenye simtanki hayana kiumbe kinachojenga. Maji ya bahari yanavyo. Kuna ule mwani mgumu wa rangi ya waridi unaoganda kwenye glasi na mawe, kuna vijinyoo vinavyojijengea mirija ya chokaa ndani ya mabomba yenye giza, kuna punje za mchanga na makombe ya konokono wachanga. Chochote kati ya hivyo kikikaa kwenye kiti, valvu haifungi sawasawa, na haihitaji kubaki wazi sana. Upenyo wa milimita moja kwa usiku mzima unatosha kushusha maji yote yale. Tulipoifungua tulikuta ukoko wa chokaa kwenye kiti na springi iliyokuwa imeanza kuliwa.

Mimi siwakatazi watu kufunga nonritani. Ninachokataa ni kuihesabu. Kama sakafu yako ni kavu kwa sababu ya nonritani, basi sakafu yako itakuja kulowa, na hutajua siku. Mwishoni tulikubaliana na fundi afunge ya plastiki yenye yunioni pande zote mbili ili ifunguliwe na kusafishwa kwa mkono bila kukata bomba. Ipo. Lakini majaribio yote tuliyafanya ikiwa imetolewa kipande chake cha ndani.

Kamba waliokufa

Sasa lile jambo la pili. Samaki wazima, kamba na konokono wafu: mtu aliyefuga maji chumvi akisikia hivyo, kichwa chake kinakwenda moja kwa moja kwenye shaba. Shaba ni dawa ya zamani ya vidonda vyeupe vya samaki wa baharini. Kiwango kinachotumika kutibu ni kama miligramu 0.15 hadi 0.2 kwa lita, na samaki wengi huvumilia. Kamba, konokono na matumbawe hawavumilii hata chini ya hapo. Kipimo cha shaba cha matone kilibadilika rangi hadi karibu 0.1. Hakuna aliyetia dawa.

Ilitoka kwenye mabomba. Brasi ni mchanganyiko wa shaba na zinki, na ndani ya maji chumvi inaliwa polepole. Nonritani ilikuwa ya brasi, na feni ya ndani ya ile pampu ni ya brasi pia, kama ilivyo kwa pampu nyingi za aina hiyo. Chanzo cha tatu ndicho kilichomshangaza fundi zaidi. Bomba la PPR lenyewe ni plastiki safi na halina ubaya wowote kwa samaki. Lakini soketi na elbo za PPR zenye nati, zile za kuungia pampu na koki, zina pete ya brasi ndani, imepakwa rangi ya fedha na inaonekana kama chuma kisichoshika kutu. Valvu za PPR nazo zina brasi ndani ya plastiki. Tulizikata kwa msumeno tukaona zimeota kijani. Kulikuwa na vipande saba vya namna hiyo kwenye mzunguko mmoja.

Mwili wa pampu ulikuwa wa chuma cha kumimina, na ulishaanza kutoa kutu. Kutu ya chuma haiui kama shaba, ila inachafua maji na inaharibu sili, na sili ikiharibika maji chumvi yanaingia kwenye mota. Mabomba ya chuma yaliyopakwa zinki, kwa wale wanaofikiria kuyatumia kwa sababu ni imara, ni mabaya zaidi: zinki nayo ni sumu kwa kamba.

Kanuni tuliyoifuata baada ya hapo ni fupi. Maji yasiguse chuma cha aina yoyote mahali popote. Kila kifaa kinachoingia kwenye mzunguko kinafunguliwa dukani na kutazamwa ndani kabla ya kulipiwa, na muuzaji akikataa kifunguliwe tunakwenda duka la jirani.

Pampu ya kupandisha na pampu ya kuzungusha

Hata isingekuwa na brasi, ile pampu haikuwa mahali pake. Pampu ndogo za nusu hospawa za kupandishia maji hutengenezwa kusukuma maji machache kwenda juu sana: mita 30 na zaidi, lakini kiasi cha lita 35 hadi 40 tu kwa dakika. Kwenye tanki hili, tofauti ya kimo kati ya uso wa maji ya chini na ya juu ni kama mita 1.2. Unalipia nguvu ya ghorofa kumi ili uvuke kabati. Kibao chake kimeandikwa wati 370. Kwa saa 24 hizo ni yuniti 8.9, na kwa mwezi karibu yuniti 266 za LUKU. Mama alikuwa ameshangaa yuniti zinakoishia, akamshuku kijana wa nyumbani na pasi.

Pampu ya tanki la samaki ni kinyume chake: maji mengi, kimo kidogo. Tuliyoweka ni ya plastiki na shafti ya kauri, inazama ndani ya maji, inatumia umeme wa volti 24 kupitia adapta, wati 55 ikiwa kwenye kasi ya juu kabisa. Kwa mwezi haizidi yuniti 40. Katika kasi ya juu, bila kimo, inaandikwa lita 6,000 kwa saa, na mwisho wake wa kupandisha ni mita 4. Kwa tanki la karibu lita 500 tulihitaji mzunguko wa lita 2,000 hadi 2,500 kwa saa kupitia tanki la chini. Msukosuko wa maji ambao matumbawe yanautaka hutolewa na feni ndogo zilizobandikwa ndani ya tanki la juu, si na pampu ya kurudisha, kwa hiyo hakuna haja ya kuilazimisha.

Lakini pampu ya namna hii ina udhaifu: haina ubavu wa kushindana na bomba jembamba. Na hapa PPR ilitupiga tena. PPR ya milimita 25 ya maji ya moto ina kuta nene, tundu lake halifiki milimita 17. Lita 2,500 kwa saa zikipita humo zinakwenda zaidi ya mita 3 kwa sekunde, na pamoja na elbo tano zilizokuwepo, msuguano peke yake ungekula karibu ubavu wote wa pampu. Ile ya nusu hospawa ilikuwa haijali. Hii isingetoboa. Bomba la PVC la milimita 32, lenye tundu la karibu milimita 28, linapitisha kiasi hichohicho kwa mwendo wa mita moja na kidogo kwa sekunde, na msuguano haufiki nusu mita. Elbo tano zikapunguzwa kuwa mbili, na kwa kuwa pampu sasa inazama ndani ya tanki la chini, tundu la ubavuni mwa tanki hilo, lililokuwa likiilisha pampu ya zamani, lilizibwa kwa kipande cha glasi.

Kariakoo na inchi za aina mbili

Sehemu iliyokula muda haikuwa kukata wala kugundisha. Ilikuwa kutafuta vifaa vinavyoelewana.

Ndugu wa Mama alikuwa ametuma kutoka Marekani konekta nne za plastiki za kupitishia bomba kwenye glasi, nzuri kweli, zenye washa nene za mpira. Zimeandikwa inchi moja. Bomba tulilonunua Kariakoo nalo linaitwa la inchi moja. Bomba la kwetu ni milimita 32 kwa nje, na bomba la inchi moja la Kimarekani ni milimita 33.4. Tofauti haifiki milimita moja na nusu, na ndiyo hatari yake: bomba linaingia kwenye soketi kwa ulaini, fundi anapaka gundi nyingi, inaonekana imeshika. Gundi ya PVC haijazi pengo. Inayeyusha nyuso mbili zinazobanana ili ziwe kitu kimoja, na kama hazibanani hakuna cha kuyeyushia. Inavuja baadaye, ndani ya kabati, usiku.

Tukasema tutumie nati badala ya gundi. Nati nazo ni za koo mbili. Nyuzi za inchi moja tunazotumia sisi, zilizotokana na Uingereza, zina meno 11 kwa kila inchi. Za Kimarekani zina 11 na nusu, na pembe ya jino ni tofauti. Zinakubali mizunguko miwili au mitatu ya kwanza, halafu zinaanza kubana, na fundi mwenye mkono mzito anadhani zimekaza vizuri. Nimeona plastiki ikipasuka hivyo. Tepu nyeupe haiponyi kitu ambacho hakikuumbwa pamoja.

Tulimaliza kwa kuziweka konekta za Marekani pembeni na kununua konekta za simtanki za plastiki tupu, za humuhumu, za milimita 32. Hazipendezi. Zinaungana na kila kitu kilichoko dukani, na siku ikipasuka moja, Mama anampigia fundi, fundi anakwenda duka la mtaani. Hoja hiyo kwangu ilikuwa nzito kuliko ubora wa washa.

Kuna tundu moja jipya tulilolazimika kutoboa kwenye sakafu ya kisanduku cha kona. Kabla ya kugusa glasi yoyote kwa msumeno wa almasi, hakikisha si ya tempa, yaani iliyoimarishwa kwa joto. Glasi ya tempa haitoboki, inalipuka kuwa chembe. Hili la Mama lilikuwa glasi ya kawaida ya milimita 12, na muuza glasi aliyelitengeneza alithibitisha. Fundi alitoboa polepole huku msaidizi akimwagilia maji, na kipenyo alikipima kwenye konekta yenyewe, hakukisoma kwenye pakiti.

Mafuriko ya upande wa pili

Tundu jipya lilikuwa la nini? Watu wakishaelewa maji yanavyorudi chini, huridhika, wakasahau kwamba tanki linaweza kumwagika pia likiwa linafanya kazi. Bomba la kushusha lilikuwa moja. Konokono akiingia, au kipande cha mwani kikijikunja mdomoni, pampu inaendelea kupandisha na hakuna kinachoshuka.

Sasa yako mawili. La kwanza lina kipande kilichosimama ndani ya kisanduku hadi sm 35, na valvu ya plastiki chini ya kurekebishia, hivyo linakwenda limejaa maji bila hewa na halipigi kelele. La pili limesimama juu zaidi, halina valvu wala chujio, na siku zote liko kavu. Ukisikia linabubujika, ujue la kwanza limeziba. Mama aliliita bomba la uvivu. Ndilo ninaloliamini kuliko vyote mle ndani.

Bado tulifanya hesabu ya siku ambayo yote mawili yameziba. Chumba cha pampu kwenye tanki la chini kina sm 30 kwa 40, lita 1.2 kwa kila sentimita. Kutoka kiwango cha kazi cha sm 22 hadi pampu inapoanza kunyonya hewa, sm 8, kuna lita 17. Juu ya maji ya tanki la juu hadi ukingoni kuna sm 3, yaani lita 27. Lita 17 zinaingia. Vizuri.

Isipokuwa kulikuwa na ile floti. Chumba cha pampu kikipungua, floti inafunguka, na kwa kuwa ilikuwa imeunganishwa na simtanki la nyumba, ingeendelea kumimina maji ya bomba hadi mtu aamke. Ndani ya nyumba floti ni mlinzi mwaminifu, kwani inajua maji yamepungua. Haijui yamekwenda wapi. Na ilishaleta madhara kimyakimya: baada ya kila mafuriko, umeme uliporudi, zile lita 24 za maji chumvi zilizolala kwenye zulia zilijazwa na lita 24 za maji ya bomba, yenye klorini na yasiyo na chumvi. Kwenye jumla ya lita 600 hivi, kila tukio linapunguza chumvi kwa asilimia 4. Kutoka 35 kwa elfu, mara tatu inakufikisha karibu 31. Mama alikuwa na kipimo cha chumvi, akadhani kimeharibika.

Floti imebaki, imekatwa kwenye bomba la nyumba. Sasa inalishwa na dumu la lita 5 la maji yaliyochujwa, lililoinuliwa juu ya rafu. Tanki hili linapoteza kiasi hichohicho kwa siku kwa mvuke, na zaidi kidogo feni ya chumbani ikiwaka. Lita 17 na 5 ni 22, bado chini ya 27. Mama analijaza kila asubuhi akimaliza chai. Alilalamika kwamba huo ni utumwa, nikamwambia shikamoo, lakini dumu haliongezwi ukubwa.

Marekebisho na jaribio

Midomo ya bomba la kupandisha, sasa miwili, iliinuliwa hadi sm 2 chini ya uso wa maji. Kila mmoja una tundu dogo la milimita 5 juu yake, la kuingiza hewa mapema. Matundu hayo tunayapenda lakini hatuyahesabu, kwa sababu ileile ya nonritani: mwani huyaziba. Glasi za kugawa vyumba vya tanki la chini zilikatwa silikoni na kugundishwa upya chini zaidi, kwa silikoni isiyo na dawa ya kuvu, zikaachwa zikauke siku kadhaa. Wastani wa maji chini sasa ni sm 24.

Hesabu mpya: sm 2 za juu ni lita 18, kisanduku lita mbili na nusu, mabomba lita mbili. Jumla haifiki 23. Nafasi ya chini ni sm 16, lita 57. Fundi ndiye aliyezima swichi kuu, nami nikabandika kipande cha tepu kwenye glasi ya chini. Maji yalipanda, yakasita, yakasimama kasoro kidogo ya sm 31. Tukawasha, tukazima tena, safari hii tukiwa tumeziba yale matundu mawili ya hewa kwa vidole. Yalisimama palepale. Tepu nyingine imebandikwa kwenye kiwango cha kazi, na juu yake imeandikwa kwa kalamu ya wino: USIZIDISHE.

Upande wa umeme, ekstensheni ilihamishwa kutoka sakafuni hadi ubavuni mwa kabati, juu, kila waya ukiwa na tumbo linaloning'inia chini ya soketi ili tone likitambaa lidondoke kabla ya kufika. Fundi umeme alifunga swichi inayokata ikihisi uvujaji wa miliampia 30. Kwa kazi hii, hicho ndicho kifaa pekee ambacho sikubali mtu aniambie atanunua mwezi ujao.

Mgao ukiwa mrefu, tatizo si sakafu tena, ni pumzi. Maji chumvi ya joto la nyuzi 30 hubeba oksijeni kama miligramu 6 tu kwa lita yakiwa yameshiba, na usiku hakuna mwani unaoiongeza. Mama alitaka betri ya kuendesha pampu ya kurudisha. Betri ya solar ya volti 12 na ampia-saa 100, ukitumia nusu yake ili isife mapema, inatoa wati-saa 600. Pampu ya wati 55 itaimaliza kwa muda wa karibu saa 11, na inverta ikichukua fungu lake ni pungufu. Feni moja ya ndani ya tanki, wati 10, itakwenda zaidi ya siku mbili, na inachohitajika ni uso wa maji uchezecheze. Tulifunga feni kwenye betri, pampu ikaachwa izime na umeme. Bakteria wa tanki la chini watavumilia saa kadhaa kuliko kangaja.

Kilichobaki ni mawe. Shaba hunata kwenye mawe ya chokaa na mchanga, halafu hutoka tena taratibu. Maji yamebadilishwa kwa sehemu kubwa, kwa maji yaliyochotwa baharini siku za bamvua, mbali na midomo ya mito, na mkaa wa kuchujia umewekwa kwenye soksi. Kipimo sasa hakibadiliki rangi, ila vipimo vya matone havioni kiwango kidogo kinachoweza kumuua kamba. Mama hataki kutupa mawe, na sheria haimruhusu kwenda kuchukua mengine kwenye visiwa vya Mbudya au Bongoyo. Kwa hiyo jiwe moja kubwa limewekwa kwenye ndoo peke yake, na maji safi ya bahari, jiwe la kutoa viputo vya hewa na kamba wawili wa bei nafuu. Hadi ninapoandika wanakula.